"Nyeupe zaidi": zaidi ya nini?

SWALI: Mimi ni mama mjasiriamali, ninatengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa chupa. Kwenye lebo nimeandika: "Hufanya nguo zako ziwe nyeupe zaidi." Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, ameniambia kuwa sentensi hiyo haijakamilika kwa sababu haisemi zaidi ya nini, akanishauri niandike "nyeupe zaidi kuliko". Binti yangu naye anasema "zaidi kuliko" ndilo kosa lenyewe. Naomba kujua nani yuko sahihi, na maneno hayo yanatofautianaje katika matumizi ya kila siku. Tena nataka kutoa sabuni ya pili kwa ajili ya nguo za rangi. Je, naweza kuandika "kijani zaidi" na "bluu zaidi"?

JIBU: Mama, lebo yako haina kosa la sarufi, na huna haja ya kutupa karatasi ulizokwisha kuchapisha. Hata hivyo mwalimu ameona jambo la kweli, na binti yako naye ameona jambo la kweli, ingawa yeye amelipa uzito unaozidi kiasi. Tuanze na neno "nyeupe" lenyewe, ambalo halina umbo la kulinganishia. Linabaki vilevile katika "kanzu nyeupe", "kanzu nyeupe kuliko ile" na "kanzu nyeupe kuliko zote". Kinachobadilika ndani yake ni kiambishi cha ngeli tu, ndiyo maana tunapata shati jeupe, mashati meupe, kitambaa cheupe, vitambaa vyeupe na mtandio mweupe, na hakuna hata kimoja kati ya viambishi hivyo kinachotuambia kwamba kitu hiki kimekizidi kile. Kazi yote ya kulinganisha hufanywa na maneno yanayosimama nje ya kivumishi, nayo ni hasa "zaidi", "kuliko" na kitenzi "kuzidi" pamoja na jamaa zake. Kila moja lina tabia yake, na ugomvi wa nyumbani kwako umetokana na kuyachukulia kana kwamba ni neno moja lenye sura tatu.

"Zaidi" limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa kitenzi "kuzidi", na wazo lililomo ndani yake ni la nyongeza. Nyongeza haiwezi kuwepo pasipo kitu cha kuongezewa, kwa hiyo mwalimu ana haki ya kuuliza. Anachosahau ni kwamba kitu hicho si lazima kitajwe katika sentensi. Chaweza kuwa mbele ya macho ya wasemaji, au kimetajwa dakika mbili zilizopita, au kinajulikana tu kwa mazoea. Mwenye duka la vitambaa akikutandazia kipande cha kwanza nawe ukamwambia, "Nataka nyeupe zaidi," hatakuuliza zaidi ya nini, kwa sababu kipande cha kulinganishia kiko mezani. Mama akimwambia mtoto wake, "Yasuuze tena, yawe meupe zaidi," mtoto anaelewa kuwa ni zaidi ya yalivyo sasa. Hapo "zaidi" peke yake linatosha, na kuongeza maneno mengine kungekuwa kumwambia mtu jambo analoliona.

Tatizo la lebo ni kwamba msomaji wake hana kipande chochote mezani. Mteja aliyesimama mbele ya rafu anaweza kuisoma sentensi yako kwa namna tatu: nguo zitakuwa nyeupe kuliko zilivyokuwa kabla ya kufuliwa, zitakuwa nyeupe kuliko zingefuliwa kwa sabuni nyingine, au zitakuwa nyeupe kuliko nguo zote za mtaa ule. Maana hii ya tatu usidhani kuwa nimeilazimisha. Katika Kiswahili cha leo, hasa cha magazeti na redio, "zaidi" peke yake limezoeleka kubeba maana ya kilele, kama mtu anaposema "mlima mrefu zaidi barani Afrika" akimaanisha Kilimanjaro, ambao hakuna unaouzidi. Kwa hiyo "nguo nyeupe zaidi" ni usemi wenye tafsiri mbili hata pale ambapo sarufi yake ni safi kabisa, na wauzaji wa sabuni, sina shaka, wanalipenda neno hilo kwa sababu hiyohiyo: mnunuzi anasikia ahadi kubwa, na muuzaji akibanwa anaweza kukimbilia ahadi ndogo.

"Kuliko" ni neno la aina nyingine kabisa. Hili ni la Kibantu kwa asili, na ukilipasua utapata vipande vitatu: "ku-" ya mahali, "-li-" ya kuwa, na "-ko" ya urejeshi wa mahali. Maana yake ya awali ni "mahali ambapo pana" kitu fulani, na maana hiyo bado iko hai tunaposema "twende kuliko na kivuli". Sentensi "shati hili ni jeupe kuliko lile", kwa mpangilio wake wa kale, inaliweka shati hili mahali lilipo lile, bega kwa bega, kisha inaliita jeupe. Halikubali kubaki peke yake. Baada ya "kuliko" lazima lije jina, kiwakilishi au sentensi ndogo: kuliko maziwa, kuliko lile, kuliko yote, kuliko lilivyokuwa jana, kuliko nilivyodhani. Huwezi kusema "shati hili ni jeupe kuliko" ukanyamaza. Msikilizaji atabaki anakutazama. Ndiyo maana mwalimu, kwa kutafuta neno litakalomlazimisha mwandishi ataje kitu cha pili, amekwenda moja kwa moja kwenye "kuliko". Amefanya uchaguzi mzuri, ila ushauri wake wa kuandika "nyeupe zaidi kuliko" na kuishia hapo ungeiacha lebo ikiwa na upungufu kuliko ilivyo sasa, kwa sababu sentensi ingekatika katikati.

Tuje kwenye lalamiko la binti yako. Walimu wengi wa sarufi wanaukataa mfuatano wa "zaidi kuliko" kwa hoja kwamba kila neno linatosha kulinganisha, hivyo kuyaweka pamoja ni kurudia. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao: "nyeupe kuliko ile" inasema yote ambayo "nyeupe zaidi kuliko ile" inasema, tena kwa pumzi fupi. Lakini siwezi kuuita mfuatano huo kosa, kwa maana umezagaa katika maandishi ya watu wanaoijua lugha vizuri, na mara nyingine una kazi, hasa pale kivumishi na "kuliko" vinapotenganishwa na maneno mengi. Katika sentensi kama "mashuka haya yamekuwa meupe zaidi, baada ya kulowekwa usiku mzima na kuanikwa juani, kuliko yale tuliyoyafua kwa haraka jana", neno "zaidi" linamtayarisha msomaji kwamba ulinganisho unakuja, na lisipokuwapo atafika mbali bila kujua sentensi inaelekea wapi. Basi shauri langu ni hili: "kuliko" likiwa karibu na kivumishi, liondoe "zaidi", likiwa mbali, "zaidi" lina ruhusa ya kukaa.

Kuhusu "zaidi ya", mahali pake hasa ni kwenye hesabu na vipimo: zaidi ya mashati kumi, zaidi ya lita tano, zaidi ya saa moja. Utawasikia watu wakisema "nyeupe zaidi ya maziwa", na wanaeleweka, lakini sikio la mzoefu linapendelea "nyeupe kuliko maziwa". Mwalimu alipouliza "zaidi ya nini?" alitumia umbo la swali lililo sahihi, jibu lake ndilo linalokuja kwa "kuliko".

Neno la tatu, "kuzidi", ndilo ambalo wengi hulitumia kila siku bila kutambua kwamba linafanya mambo mawili tofauti kwa tofauti ya silabi moja. Linganisha "nguo inazidi kuwa nyeupe" na "nguo hii inaizidi ile kwa weupe". Katika sentensi ya kwanza hakuna kiambishi cha mtendwa, na nguo inalinganishwa na yenyewe ya wakati uliopita: kila ikifuliwa, weupe unaongezeka. Katika ya pili kile "-i-" kinachotangulia mzizi wa kitenzi kinarejelea nguo nyingine, na ulinganisho ni wa vitu viwili kwa wakati mmoja. Hapa ndipo ubora wa kitenzi unapoonekana dhidi ya "zaidi", kwa kuwa kitenzi hakimwachi msomaji ajiulize: ama kuna kiambishi cha mtendwa na kuna mshindani, ama hakuna na tunazungumzia mabadiliko ya kitu kimoja. Angalia pia kwamba kitenzi kikimtaja mshindani, rangi huhama kutoka kwenye kivumishi na kuwa nomino: kwa weupe, kwa weusi, kwa wekundu. Wasemaji wengi, hasa nchini Kenya, huweka "kushinda" mahali hapo, wakasema "hii ni nyeupe kushinda ile", na katika Kiswahili cha Katanga, nchini Kongo, utasikia "kupita". Vitenzi vyote viwili vinatazama ulinganisho kama mashindano au mwendo, na sioni sababu ya kuwasahihisha wanaovitumia katika mazungumzo, ingawa kwa lebo ya bidhaa inayosomwa kila mahali "kuliko" lina usalama mkubwa.

Ukitaka ushahidi kwamba kivumishi kikifuatwa na "kuliko" kinatosha bila msaada wa "zaidi", uko katika maandiko ambayo wengi tumekua tukiyasikia. Katika tafsiri ya Biblia iliyozoeleka, Zaburi ya 51 ina maneno "mweupe kuliko theluji", na hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba nguvu imepungua kwa kukosekana kwa "zaidi". Nguvu yote imo katika kile kilichochaguliwa kulinganishiwa, kwa maana theluji mpya huakisi karibu asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia, na vitu vinavyoweza kuipita ni vichache sana. Injili ya Marko, sura ya 9, inafika mbali zaidi bila hata "kuliko": mavazi yanasemwa kuwa meupe kiasi ambacho hakuna dobi duniani awezaye kuyafikisha. Huo ni ulinganisho kamili uliojengwa kwa kushindwa kwa fundi, na kwa mtu wa sabuni kama wewe nadhani ndio unaouma zaidi.

Lipo jambo moja ambalo lebo nyingi hulikosea, nalo ni kuchanganya ulinganisho na kilele. Kiswahili kina vijineno vya kukoleza rangi ambavyo haviendi na kitu kingine chochote: nyeupe pe au pepepe, nyeusi ti au tititi, nyekundu pyu. Vijineno hivi vinasema kwamba rangi imefika mwisho wake, na kitu kilichofika mwisho hakilinganishwi tena. Kwa hiyo "nyeupe pe kuliko ile" inasikika vibaya hata kwa mtoto, na "nyeupe pe zaidi" ni mbaya vilevile. Chagua moja: ama unalinganisha, ama unatangaza ukamilifu. Na ni jambo la kupendeza kuona kwamba kurudiarudia hakuna maana moja katika rangi, kwani ukikirudia kijineno unakoleza, "pepepe", lakini ukikirudia kivumishi chenyewe unapunguza: "nyeupenyeupe" ni kitu kinachoelekea weupe bila kuufikia, na mtu akisema alimwona paka "mwekundumwekundu" hamaanishi mwekundu sana, anakwepa kuahidi.

Upande wa kupungua una ugumu wake, maana lugha yetu haina neno moja la kugeuza "zaidi" liwe kinyume chake. Wanaojaribu kusema "nyeupe kidogo kuliko ile" huangukia kwenye utata, kwa sababu msikilizaji hajui kama imeizidi kwa kiasi kidogo au imepungukiwa. Sema badala yake "si nyeupe kama ile", au "haifiki weupe wa ile", au "imepungua weupe". Na pale ambapo vitu vyote viwili ni vibaya, yaani mashati mawili yote yamefubaa lakini moja lina nafuu, watu hawasemi kabisa kwamba hili ni jeupe kuliko lile. Husema "afadhali hili". Neno hilo moja linalinganisha na kukiri papo hapo kwamba hakuna cha kusifiwa, jambo ambalo "kuliko" haliwezi kulifanya.

Sasa nitoke kidogo kwenye sarufi niingie kwenye beseni, kwa sababu huwezi kujua maana ya "nyeupe zaidi" bila kujua watu wanaona nini wanapoitamka. Pamba haianzi ikiwa nyeupe kabisa. Kwa asili yake ina umanjano, na hata baada ya kung'arishwa kiwandani hurudi kuwa ya manjano kwa jasho, mafuta ya mwili, maji yenye chuma na kukaa kwa muda mrefu. Kitambaa chenye umanjano ni kitambaa kinachomeza sehemu ya mwanga wa buluu. Ndiyo maana mabibi zetu walisuuza kanzu na mashuka kwa maji yaliyotiwa nili: ile buluu kidogo humeza sehemu ya umanjano, macho yakaona mizani imerudi, na mtu akasema nguo imekuwa nyeupe zaidi. Ukipima mwanga wote unaotoka kwenye kitambaa hicho utakuta umepungua kidogo, kwa kuwa nili nayo inameza mwanga. Yaani nguo imekuwa nyeusi kwa kipimo na nyeupe kwa macho. Sabuni nyingi za unga za viwandani hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine, kwa kutia kemikali zinazomeza mwanga wa urujuanimno, ambao hatuuoni, na kuurudisha kama mwanga wa buluu ambao tunauona. Hizo huongeza mwanga badala ya kuupunguza, na ndizo zinazofanya shati jeupe liwake kwa rangi ya samawati chini ya taa za kumbi za muziki.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu yanaamua ukweli wa lebo yako. Ikiwa sabuni yako haina nili wala kemikali za namna hiyo, basi kinachotokea ni kuondoka kwa uchafu, na Kiswahili kina kitenzi kilichotengenezwa kwa jambo hilohilo: kutakata. Nguo iliyotakata imetoka uchafu hadi inang'aa kwa usafi, iwe nyeupe au ya rangi. Kinyume chake ni nguo iliyofubaa, ambayo imepoteza mng'ao wake, na nguo iliyopauka, ambayo rangi yake imeliwa na jua au na kufuliwa mara nyingi. Nguo nyeupe iliyofuliwa vizuri imetakata. Nguo nyeupe iliyotiwa nili imekuwa nyeupe zaidi hata kama haijatakata. Mnunuzi wa kawaida hatenganishi mambo hayo mawili, lakini mtengenezaji anapaswa kuyatenganisha kabla ya kuandika.

Kwa lebo ya sasa, basi, ningeandika mojawapo ya hizi: "Hutakatisha nguo nyeupe", ambayo haina ulinganisho wowote na haidaiwi maelezo; au "Nguo zako ziwe nyeupe kuliko zilivyokuwa", ambayo inataja wazi kitu cha kulinganishiwa na ambayo sabuni yoyote nzuri inaweza kuitimiza; au, kwa anayependa kitenzi, "Kila ukifua, nguo zinazidi kuwa nyeupe". Hii ya mwisho ina mdundo mzuri lakini inaahidi mengi, kwa sababu inamfanya mteja ategemee mabadiliko katika kila mfuo, na kitambaa kilichokwisha kutakata hakina pa kwenda. "Nyeupe kuliko sabuni nyingine" usiiandike, kwanza kwa sababu inalinganisha nguo na sabuni, kitu ambacho mwalimu wako atakirukia mara moja, na pili kwa sababu ukiirekebisha iwe "kuliko zikifuliwa kwa sabuni nyingine" utakuwa umetoa dai ambalo mshindani anaweza kukutaka ulithibitishe.

Kabla ya kufika kwenye nguo za rangi, nigusie matumizi ya neno hili kwa watu, maana huko ndiko linakosikika mara nyingi pengine kuliko kwenye nguo, na ndiko linakoweza kumuudhi mteja. Kwa wengi wetu, mtu akiitwa "mweupe" hamaanishwi Mzungu. Anamaanishwa Mwafrika mwenye ngozi iliyofifia weusi, na kati yake na mweusi husimama mtu wa maji ya kunde. "Asha ni mweupe kuliko Rehema" ni sentensi ya kawaida katika familia, na haimtoi yeyote kati yao katika Uafrika wake. Hata hivyo, kwa kuwa kivumishi kinabaki katika umbo lake la kawaida, msikilizaji huelekea kuamini kwamba Asha ni mweupe kweli, ukiyasema hayo juu ya watu wawili weusi wa kupindukia, utaulizwa kwa kicheko, "Mweupe gani?" Wanaotaka kuwa waangalifu husema "Asha amemzidi Rehema weupe kidogo", au wanageuza upande na kusema "Rehema ni mweusi kuliko Asha". "Amekuwa mweupe zaidi", likisemwa juu ya mtu mzima, kwa kawaida si sifa. Linabeba tuhuma ya mkorogo na kujichubua. Na kuna "mweupe kichwani", ambaye ni mtu asiyejua kitu, na huyo akizidi kuwa mweupe hali yake imekuwa mbaya. Kwa hiyo, kama sabuni yako inatumika pia kwa kunawia mikono, tafadhali neno "nyeupe zaidi" lisikaribie picha ya mtu kwenye chupa hiyo.

Sasa "kijani zaidi" na "bluu zaidi". Hapa hali inabadilika kabisa, na chanzo cha mabadiliko ni kwamba majina yetu ya rangi hayakuzaliwa siku moja. Rangi tatu tu ndizo zenye vivumishi halisi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Mwaka 1969 watafiti Brent Berlin na Paul Kay, waliolinganisha majina ya rangi katika lugha 98, walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na haya matatu. Na Kiswahili kimeihifadhi hali hiyo ndani ya sarufi yake, ingawa msamiati wetu umekwisha kuwa mpana. Rangi nyingine nyingi tumezipata kwa kuzirejelea kwenye vitu: kijani kutoka kwenye majani, manjano kutoka kwenye kiungo cha manjano, kijivu kutoka kwenye majivu, kahawia kutoka kwenye kahawa, zambarau kutoka kwenye tunda. Tunasema "kitambaa cha kijani" na "shati la zambarau", kwa "-a" unganifu, kwa sababu hayo ni majina ya vitu vilivyoazimwa kutaja rangi. Bluu na pinki tumezichukua kutoka Kiingereza, nazo hazikubali kiambishi chochote.

Majina ya namna hii hayapandi ngazi kwa urahisi. "Kitambaa hiki ni cha kijani kuliko kile" inakwama, kwa kuwa kitu hakiwi cha majani kuliko kingine. Ama rangi hiyo ni ya kijani ama si ya kijani. Wasemaji huikwepa tabu hiyo kwa kuacha kulilinganisha jina la rangi na kulinganisha ukali wake, kwa vitenzi ambavyo mafundi cherehani na wauza vitenge wanavitumia kila saa: rangi imekolea, imekoza, imeiva, au kwa upande wa pili imefifia, imepauka, imechuja. "Kijani hiki kimekolea kuliko kile" ni Kiswahili kisicho na dosari, na kinasema hasa kile ambacho "kijani zaidi" ilitaka kukisema. Pale ambapo tofauti si ya ukali, ila ni ya aina, hulinganisha kwa kutaja kitu kingine: kijani kibichi, bluu bahari, nyekundu ya damu ya mzee, rangi ya ugoro. Mteja akikuambia anataka "bluu zaidi", muulize kama anataka iliyoiva au anataka bluu bahari, na utaona kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajaamua.

Katika mazungumzo ya vijana "kijani zaidi" inasikika, hasa kwa mimea baada ya mvua, wala sitasimama njiani kuizuia. Lugha inayokopa majina ya rangi itajifunza pia kuyalinganisha. Kwa lebo, hata hivyo, kuna sababu ya kibiashara ya kuikwepa, mbali na ile ya sarufi. Sabuni haiwezi kuongeza kijani kwenye kitenge. Kilichomo ni kile alichokitia mtengenezaji wa kitenge. Kazi nzuri inayoweza kufanywa na sabuni ya nguo za rangi ni kutoa uchafu bila kuichuja rangi, na mteja aliyewahi kuliona shati lake jekundu likiigeuza kanzu ya mumewe kuwa ya pinki anaijua thamani ya kazi hiyo. Andika "Hutakatisha nguo bila kuchuja rangi", au "Rangi hubaki imekolea". Ukitaka ulinganisho lazima uwepo, andika "Rangi hudumu kuliko unavyotarajia", ingawa hapo utakuwa umelinganisha na matarajio ya mteja, na matarajio ya wateja wa sabuni, mama, wewe unayajua kuliko mimi.